Kapasita Hiyo Inafanya Kazi Gani Hapo?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya mafundi na wanafunzi wa elektroniki hapa Mwanza. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, na maswali ya ukumbini nimeyaacha palepale yalipoingia.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mafundi, dada na kaka, nanyi vijana wa chuo mliotoka Malimbe na Nyegezi mkawahi viti vya mbele: mwangaluka!

Naona hata waliovuka kutoka Sengerema wameitikia. Ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie kapasita. Si kapasita zote, bali zile za kwenye madabodi, yaani bodi kuu, za kompyuta za zamani, na hasa swali linaloletwa mezani kwangu kila mara: “Fundi, hii imevimba, niweke ipi?” Mtu anakuja ameishika mkononi, anasoma: maikrofaradi 1500, volti 6.3. Anataka apewe yenye namba hiyohiyo aondoke zake. Mimi namwuliza, umeitoa wapi? Anadhani namtuhumu wizi. Nataka kujua umeitoa sehemu gani ya bodi. Karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta? Kando ya nafasi za kadi? Kule pembeni kwenye tundu za sauti? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini. Namba iliyochapwa mgongoni ni nusu ya habari, tena mara nyingi ni nusu ndogo.

Kuna kijana amenishika mkono mlangoni akaniuliza kompyuta za zamani za nini, kwa nini zisitupwe. Swali halali. Kuna mashine za viwandani na za maabara zinazoendeshwa na programu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi zile, kupitia kadi ya zamani iitwayo ISA. Mashine yenyewe ni ya mamilioni, kompyuta inayoiendesha ni ya prosesa ya zamani ya 486. Ukiitupa kompyuta umeitupa na mashine, kwa sababu kadi ile haina pa kuchomekwa kwenye kompyuta ya leo. Halafu wapo wanaozipenda tu, wanataka zirudi kama zilivyokuwa. Hao nao ni wateja, tena wateja wazuri, hawabishanii bei.

Na nchi yetu ina historia yake katika hili. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi baada ya hapo zilizoingia zilikuwa chache, za ofisi kubwa. Kwa hiyo usitegemee kuikuta sokoni Makoroboi ile IBM PC iliyotoka Marekani mwaka 1981. Ukiipata, nipigie simu usiku huohuo. Zilizojaa kwetu ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jambo hilo linabadilisha aina ya ugonjwa utakaoukuta mezani.

Nianze na ugonjwa mkubwa, wa bodi za Pentium III na Pentium 4, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zinazoharibiwa zaidi na mafundi wenyewe.

Fungua bodi ya kizazi hicho. Kando ya prosesa utaona kapasita ndefu zimepangwa mstari, sita, nane, wakati mwingine zaidi. Hizo ziko kwenye regyuleta, saketi inayoishusha volti ya pawa saplai mpaka ile anayoitaka prosesa, ambayo mara nyingi haifiki hata volti 2. Prosesa za mwanzo za Pentium 4 zilikuwa zinakula wati zaidi ya 50. Gawanya wati 50 kwa volti 1.75, unapata ampea karibu 29. Ampea 29, ndugu zangu, kwenye kipande cha bodi cha upana wa kiganja.

Nitatumia simtanki, kwa sababu hapa Mwanza hakuna nyumba ya mlimani isiyolijua. Regyuleta ile haimwagi umeme kwa utulivu. Inautuma kwa mapigo, mara laki mbili au tatu kwa sekunde. Prosesa nayo hainywi kwa utulivu: ilikuwa imetulia, ghafla inataka mkupuo mkubwa. Kapasita ndizo simtanki katikati yao. Maikrofaradi ni ukubwa wa tangi. Volti ni uimara wa ukuta wake. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho hakijaandikwa mgongoni, nacho ni unene wa bomba la kuingizia na kutolea. Tangi la lita 5000 lenye bomba jembamba halimfai mtu anayetaka ndoo yake ijae sasa hivi. Unene huo, kwa kapasita, ni ukinzani wa ndani. Kwenye mita na kwenye karatasi za viwanda unaandikwa ESR, unapimwa kwa omu, na kadiri omu zinavyopungua ndivyo bomba linavyonenepa.

Sasa tupige hesabu, wanafunzi mtanisaidia. Chukua mkondo unaopanda na kushuka wa ampea 2 upitie ndani ya kapasita moja. Joto linalozaliwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kapasita ya kawaida ya dukani, ile tunayoweka kwenye redio na amplifaya, tuseme ina omu 0.1. Mbili mara mbili nne, mara 0.1, ni wati 0.4. Kapasita iliyotengenezwa kwa kazi ya kukaa kando ya prosesa, tuseme ina omu 0.02. Hapo ni wati 0.08. Zote mbili zimeandikwa maikrofaradi 1500, zote volti 6.3, na ukizisimamisha mezani huwezi kuzitofautisha. Wati 0.4 zikizaliwa mfululizo ndani ya kopo la kipenyo cha milimita 10 zinatosha kuikausha. Ndiyo maana mteja wako anarudi baada ya miezi michache na bodi ileile, kapasita zilezile ulizomwekea zimevimba, na wewe unamwambia umeme wa mtaani kwenu ni mbaya.

Na huko kuvimba kwenyewe tuelewane. Kapasita ya alumini ni utepe wa alumini uliopakwa oksidi nyembamba sana, umeviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa elektroliti, yaani maji ya dawa yanayopitisha umeme. Oksidi ndiyo kihami. Kuanzia karibu mwaka 1999 hadi kama 2007 dunia nzima ilikumbwa na kapasita zilizofumuka, kwa sababu viwanda kadhaa, hasa vya Taiwan, vilitumia elektroliti yenye maji mengi isiyo na kemikali za kutosha za kuizuia isiishambulie alumini. Maji yakikutana na alumini tupu hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi inajaa, kichwa cha kopo kinatuna, na ile mikwaruzo ya msalaba iliyochorwa juu inafunguka, maana imewekwa makusudi ipasuke hapo badala ya kopo lote kulipuka. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za ofisini zilizokumbwa na balaa hilo. Na kapasita nyingi zilizokufa ndani ya mashine hizo hazikutoka kiwanda cha uchochoroni. Zilikuwa za Nichicon, kampuni ya Kijapani yenye heshima mpaka leo. Nalitaja hilo kwa sababu kuna fundi akisikia neno “Japani” anafunga mjadala. Jina zuri linasaidia, ila halitoshi. Unatakiwa ujue ni toleo gani la kiwanda hicho, na toleo hilo limetengenezwa kwa kazi gani.

Kila kiwanda kina matoleo, yameandikwa kwa herufi ubavuni mwa kopo. Matoleo yaliyokuwa maarufu kwenye bodi hizi, kama MBZ na MCZ za Rubycon au HM na HN za Nichicon, ni ya enzi ile, na mengi ya aina hiyo yameachwa kutengenezwa. Ukiona mtu anakuuzia “mpya kabisa” ya toleo lililoachwa, maana yake imekaa ghalani miaka mingi, na kapasita ya elektroliti huharibika hata ikiwa imekaa tu, kwa sababu oksidi yake hudhoofika isipotiwa umeme. Leo kwa za maji mimi natafuta matoleo kama FM na FR ya Panasonic. Hayakutengenezwa kwa ajili ya prosesa peke yake, ila ukinzani wake ni mdogo na saa zake za kuishi ni nyingi. Kabla ya kununua fungua karatasi ya kiwanda kwenye simu, weka ya zamani na mpya pamoja, linganisha ukinzani kwenye kilohezi 100 na mkondo unaoruhusiwa. Mpya iwe sawa au bora. Dakika tano tu, bando halitaisha.

Saa za kuishi nazo zinasomwa vibaya. “Saa 2000, nyuzi 105” maana yake ni saa 2000 ikiwa inapikwa kwenye nyuzi 105. Kila ukishusha joto kwa nyuzi 10, maisha yanakadiriwa kuwa maradufu. Nyuzi 95 ni saa 4000. 85 ni 8000. 75 ni 16000. 65 ni 32000. Kompyuta inayofanya kazi kwa muda wa saa 8 kila siku, kapasita zake zikiwa kwenye nyuzi 65, itakaa miaka karibu kumi na moja. Chukua sasa ile ya bei chee iliyoandikwa nyuzi 85, saa zilezile 2000, uiweke katika joto lilelile la 65: saa 8000, haifikishi miaka mitatu. Kwa joto la Mwanza, na kwa makasha yaliyojaa vumbi ambayo feni yake iliacha kuzunguka zamani, mimi ya nyuzi 85 siiweki kwenye madabodi hata kama ya kwanza iliyokuwepo ilikuwa ya nyuzi 85.

Haya, kuna njia nyingine ambayo kwa eneo la prosesa naipenda zaidi: kapasita za polima. Mnazijua, ni zile za kopo tupu lisilo na plastiki, kichwa bapa kisicho na msalaba, zilizojaa kwenye bodi za miaka ya karibuni. Ndani hazina maji. Elektroliti yake ni polima kavu, kwa hiyo hazina cha kuvuja wala cha kukauka kwa namna ile, na ukinzani wake uko kwenye miliomu 5 hadi 10. Kwa kuwa bomba lake ni nene hivyo, kwenye kutolea umeme wa prosesa unaweza kuweka ya maikrofaradi 820 mahali palipokuwa na 1500. Kama nusu hivi inakubalika. Usishuke chini ya hapo kwa ubahili. Volti za polima ni ndogo: ya volti 2.5 inaitosha prosesa ya volti 1.75, lakini kama ya volti 4 ipo kwa bei ya karibu, chukua hiyo. Upande wa kuingizia umeme, penye volti 12, weka ya 16. Penye volti 5 usiweke ya 6.3 kama kuna ya 10 inayoenea.

Sasa kijana akishaonja utamu wa polima anataka kuziweka kila mahali. Hapana. Kuna regyuleta ndogo zile za miguu mitatu, hasa za zamani, zilizobuniwa zikitegemea kwamba kapasita iliyo mbele yake ina ukinzani kiasi. Ukiweka yenye ukinzani mdogo kupita kiasi, regyuleta inaanza kutetemesha volti badala ya kuituliza, na kompyuta inajizima yenyewe bila sababu unayoiona kwa macho. Palepale unarudi kwenye swali langu: hiyo kapasita inafanya kazi gani hapo? Ikiwa mbele ya regyuleta ya namna hiyo, rudisha ya alumini ya kawaida, nyuzi 105, thamani ileile. Ikiwa kwenye njia ya sauti, thamani ileile pia, na ukinzani mdogo hauna faida yoyote utakayoisikia. Ikiwa inapima muda, kwa mfano kwenye saketi ya kuianzisha bodi, usiibadilishe thamani hata kidogo.

Hapo mzee mmoja, fundi wa redio wa siku nyingi, alinyoosha mkono.

“Mwanangu, mimi ya volti 16 sina. Nina ya 25. Niweke?”

Weka, mzee wangu, shikamoo. Kupanda volti hakuna dhambi, kushuka ndiko kubaya. Ila tazama mambo mawili. Kopo litanenepa: ya kipenyo cha milimita 8 ina miguu iliyoachana milimita 3.5, ya milimita 10 ina milimita 5, na ya 6.3 ina 2.5. Miguu ikitanuliwa kwa nguvu iingie kwenye matundu, mpira wa chini unalegea na kapasita inaanza kuvuja ingali mpya. Pia angalia urefu, maana kuna kapasita zinazokaa chini ya kadi ndefu au kando ya kipozeo cha prosesa. Jambo la pili, usipande kupita kiasi. Ya volti 63 mahali pa volti 5 ni kubwa bure, na ukinzani wake huenda usiwe ule unaoutaka.

Tuende kwa zile za zamani zaidi, na hapa nitasema neno ambalo mtu wa Mwanza peke yake ndiye atakayelielewa vizuri: harufu ya samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilianza kutumika kapasita za alumini za kubandikwa juu ya bodi, ndogo, za duara, zimekaa kwenye kitako cheusi cha plastiki. Elektroliti ya nyingi kati ya hizo ilikuwa na chumvi zinazokula mpira wa kuzibia, kwa hiyo hazivimbi. Zinavuja chini kwa chini. Kompyuta ya Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 inazo, Amiga 1200 na 4000 za mwaka 1992 zinazo. Ukizitazama kwa juu ni nzima kabisa. Lakini risasi ya kulehemu iliyo kandokando imefifia haing'ai tena, na ukigusisha chuma cha kulehemu inatoka harufu ya samaki. Sasa wewe mwenye banda lako pale karibu na Mwaloni Kirumba, dagaa wameanikwa nje, utajuaje? Utaangalia risasi. Ikiwa imefifia, hiyo bodi imemwagikiwa, hata kama kompyuta bado inawaka.

Hizo unazitoa zote, usichague. Unasafisha kwanza kabla ya kuchoma: spiriti, mswaki laini, kisha maji safi, kisha unaiacha ikauke kabisa. Maji yaliyovuja kwenye kapasita yanakula njia za shaba, na ukilehemu juu ya uchafu risasi haishiki. Usizikamate kwa koleo ukazungusha. Wapo wanaofanya hivyo na bodi inapona, lakini kibati cha shaba kilichokwisha kuliwa kitang'oka nacho. Badala yake unaweka nini? Za alumini mpya zinafaa. Wengi huweka kapasita za madini ya tantalamu, kwa sababu hazina maji. Za kauri pia zipo, ila zina tabia yake: kauri iliyoandikwa maikrofaradi 10 na volti 16, ukiitia volti 12 inaweza kubaki na chini ya nusu ya thamani yake. Kama utaitumia kwenye njia ya umeme, nunua ya volti nyingi zaidi.

Na tantalamu nayo ina mambo yake. Zile bodi za IBM za mwanzo zilijaa tantalamu za rangi zinazofanana na matone, nyingine za miguu mitatu. Kwenye njia ya volti 12 waliweka za volti 16. Tantalamu haipendi kukaa karibu na mpaka wake. Kompyuta ikilala miaka kumi stoo, siku ukiwasha inapiga shoti, kisha inapasuka kwa mlio na moshi, na usiisogelee na uso. Dawa ni kuacha nafasi: penye volti 12 weka ya 25. Zile za miguu mitatu, mguu wa katikati ndio chanya, ya pembeni yote miwili ni hasi, kwa hiyo ya miguu miwili inaingia katikati na pembeni mmoja, tundu moja linabaki wazi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize hata kama mmechoka. Mstari ulio ubavuni mwa kapasita ya alumini unaonyesha hasi. Mstari ulio kwenye tantalamu unaonyesha chanya. Mnaelewa? Ni kinyume. Ukibadilisha alumini kwa tantalamu, kisha ukafuata mstari kwa mstari, umeweka bomu. Bodi nazo hazikubaliani: nyingi zimepakwa nusu duara upande wa hasi, lakini zipo zilizopakwa upande wa chanya. Kwa hiyo usiamini rangi ya bodi. Piga picha kabla hujatoa kitu. Kisha chukua mita, uiweke kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye waya mweusi wa pawa saplai, nyingine kwenye tundu: linalolia ndilo la ardhi, na mara nyingi ndilo hasi. Nimesema mara nyingi. Bodi za zamani zina njia za volti 12 na volti 5 za upande wa hasi, na kwenye njia hizo mguu wa chanya ndio unaokwenda ardhini. Fundi anayejua kanuni moja tu, kwamba ardhi ni hasi, ataiweka kinyume kwa kujiamini kabisa.

Dada mmoja anayetengeneza simu mjini kati aliuliza tutazipata wapi kapasita hizi nzuri, maana dukani zote zimeandikwa majina makubwa na bei ni ya mchicha.

Dada yangu, swali lako lina jibu ndani yake. Zipo bandia nyingi: kopo kubwa, plastiki yenye jina zuri, ndani kuna kapasita ndogo imesimamishwa. Ipime kwenye mita ya ESR kabla ya kuilipa, na ukiweza pima uzito, ilinganishe na unayoijua. Rahisi huvunja upishi, wazee walishasema. Njia ya uhakika ni kuagiza kwa wasambazaji wanaopokea moja kwa moja kutoka viwandani, kama Mouser, Digi-Key au RS. Usafiri ndio unaoumiza, kwa hiyo jikusanyeni mafundi kadhaa muagize kwa pamoja, kapasita za miezi sita.

Lakini kuna mgodi mwingine tunaulalia. Bodi zilizokufa za miaka ya karibuni, zile zinazouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zina polima kando ya prosesa. Kwa kuwa hazina maji, nyingi bado ni nzima. Zitoe, zipime ukinzani na thamani, angalia hazina shoti, zipange kwa volti kwenye visahani. Kwa kompyuta ya dukani au ya shule zinafaa kabisa, na mteja mwambie ukweli kwamba zimetumika. Za maji usitoe kwenye bodi chakavu, hata ziwe zinang'aa. Hujui zimepikwa saa ngapi.

Kuhusu kulehemu nitapita haraka, wengi wenu mnanizidi. Bodi za kabla ya 2006 karibu zote zina risasi ya zamani yenye ledi, yaani madini ya risasi yenyewe, inayeyuka karibu na nyuzi 183, kwa hiyo tumia ya aina hiyo. Mguu wa ardhi umeungwa na bamba kubwa la shaba ndani ya bodi, linafyonza joto lote. Ongeza flaksi, ile dawa ya kuisaidia risasi ishike, na risasi mpya kidogo, tumia ncha pana, subiri. Ukivuta kabla haijayeyuka, unatoka na utando wa shaba wa ndani ya tundu, na hiyo hairudi. Betri ile ya pipa ya bodi za 386 na 486, ikate siku hiyohiyo hata kama kapasita zote ni nzima, maana inamwaga uchafu mbaya kuliko kapasita yoyote. Na ukifungua pawa saplai yenyewe, kumbuka umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa kwenye kapasita kubwa kama volti 325. Chomoa, subiri, pima, ndipo uguse.

Ukimaliza, kabla ya kuwasha pima omu kati ya kila njia ya umeme na ardhi. Ikisoma karibu na sifuri, tafuta ulipokosea. Kwenye bodi za njia ya umeme ya zamani, zile plagi mbili pacha, nyaya nyeusi zikutane katikati. Washa bila diski, bila kadi zisizohitajika, na pima volti ya prosesa papo hapo.

Swali la mwisho lilitoka nyuma: “Nibadilishe zote, au zilizovimba tu?”

Kando ya prosesa, zote. Zimetoka kiwandani pamoja, zimepikwa pamoja, na ambayo haijavimba inabeba mzigo wa zilizovimba. Kwingineko kwenye bodi hiyohiyo, zile za kiwanda kilekile na toleo lilelile na zilizovimba, toa nazo. Zilizobaki pima, ukiona ziko sawa ziache. Bodi ya 486 ambayo prosesa yake inapata volti 5 moja kwa moja, kapasita zake hazina mateso hayo. Nyingi bado ziko hai, na kila mguu unaoutoa ni nafasi ya kung'oa njia ya shaba. Hizo mimi siziongezei ugonjwa. Bodi nilizokuja nazo ziko kwenye meza ya kushoto, mita ziko mbili. Anzeni na hiyo ya Pentium III, kapasita ya tatu kutoka kwenye prosesa: kwa macho ni nzima, naomba mniambie mita inasemaje.